Viti vya Mstari wa Mbele

"Isiwe na nyekundu," meneja alisema, akiinama juu ya bega la Nanga kuitazama skrini. "Wageni wakiona nyekundu watadhani kuna hatari. Weka buluu. Weka kijani. Hata zambarau si mbaya."

"Rangi sichagui mimi, bosi," Nanga alijibu. "Inachagua kompyuta. Chuma kikielemewa kinawaka nyekundu, kikipumua kinabaki buluu."

"Basi iambie kompyuta leo tuna wageni."

Walicheka wote wawili, kisha meneja akaondoka mbiombio kwenda kuhimiza watu wa hema na viti. Nanga akabaki na picha ya bomba, ambayo ilipaswa kuchapwa kwa ukubwa wa mlango na kutundikwa mahali ambapo mgeni rasmi angeiona.

Jina la Nanga alipewa na wenzake wa ofisi ya maji, kwa sababu kila mchoro ulipotua mezani pake aliuliza swali lilelile: nanga iko wapi? Bomba, alikuwa akiwaambia, halina adabu. Likipata joto linarefuka, likijaa maji linalalia kila kilicho chini yake, likitiwa presha linasukuma chochote linachokikuta. Lazima mahali fulani pawe na kitu cha kuliambia, hapa hutoki. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kitu hicho kipo na kina nguvu za kutosha. Wengine walichora, yeye alikaa kwenye kona, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, akiiuliza kompyuta kama bomba litabaki lilipowekwa. Akiifanya kazi vizuri hakuna kilichotokea, na hakuna mtu anayepongezwa kwa jambo ambalo halikutokea. Alikuwa amelizoea hilo. Alipenda hata ukimya wake.

Bomba la siku hiyo lilikuwa la kituo kipya cha pampu, chini ya kilima. Lingepandisha maji hadi tangi la juu, ili watu wa mtaa wa kilimani waache kupanda na ndoo. Aliyelichora alikuwa mumewe. Walikuwa wamesoma pamoja, wakitumia kikokotoo kimoja kwa zamu, na waliajiriwa pamoja, mpaka mume alipohamishiwa kitengo cha mitaro. Ofisi haikuruhusu mke kukagua hesabu za mume, kwa hiyo faili hilo lilipitia mikononi mwa mtu mwingine aliyekwisha kuhama. Nanga hakuwa amelifungua hata mara moja. Leo alilifungua kwa ajili ya picha tu.

Alilizungusha bomba kwenye skrini taratibu, akitafuta upande wake mzuri, kama mpiga picha anayemgeuza bibi harusi. Pampu hii hapa. Mbele yake kiungo cha mpira, kifupi na kinene, kilichowekwa ili mtikisiko wa pampu usisafiri kwenye chuma. Kisha kipande kilichonyooka, kikitoboa ukuta wa chumba cha pampu. Nje ya ukuta, kiwiko kikubwa kilichogeuza bomba kuelekea mlimani, kimesimama juu ya kiegemeo cha miguu miwili myembamba.

Yote buluu. Buluu ya kupendeza mno. Nanga akaacha kuzungusha.

Akabofya kile kiungo cha mpira. Ugumu wa mpira ulikuwa umeandikwa, urefu ulikuwa umeandikwa, lakini kisanduku kimoja, cha eneo ambalo presha inalisukuma, kilikuwa kitupu. Kompyuta ikikuta kisanduku kitupu haiulizi. Inaweka sifuri na kuendelea na safari.

Katika bomba la chuma tupu, maji yakisukuma ncha mbili, chuma cha katikati ndicho kinachozivuta zisiachane, na nje hakuna anayejua. Lakini mpira hauwezi kuvuta hivyo. Ungenyooka kama kinanda cha kukunjua. Basi ule msukumo unakwenda kumtafuta aliyesimama mwisho wa njia: upande mmoja pampu, iliyofungwa kwa boliti kwenye zege, na upande wa pili kiwiko cha nje, juu ya miguu yake miwili iliyotengenezwa kubeba uzito na si kusukumwa.

Nanga alikijaza kisanduku. Mishale miwili ikazaliwa, mmoja ukitazama pampu, mwingine ukitazama nje. Akaiambia kompyuta ihesabu upya.

Kiegemeo cha kiwiko kikawaka nyekundu mpaka kwenye unyayo.

Kwa kuwa kompyuta hudanganyika kirahisi, alichukua kalamu akafanya hesabu kwa mkono nyuma ya bahasha. Presha ya jaribio la leo mbele ya wageni, mara eneo. Jibu lilikuwa sawa na lori la mchanga, pamoja na mchanga wake, likiegemea kiwiko kile.

Akampigia mumewe. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena. Halafu akachukua mkoba wake na kutoka, nusu anatembea, nusu anakimbia, sketi ikimbana magotini.

*

Hema lilikuwa limeshasimama uani mwa ofisi, mbele ya chumba cha pampu, na chini yake viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Meneja alitaka wageni walione bomba likitoka ukutani na rangi yake mpya, kwa hiyo viti vilipangwa kukitazama kiwiko uso kwa uso. Katikati ya mstari wa mbele aliketi mama mkwe wake, na kila upande majirani wawili aliokuja nao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Njoo ukae. Hili ndilo bomba la mume wako." Akaligeukia kwa fahari, kana kwamba lilikuwa mjukuu aliyefaulu mtihani. "Tazama lilivyonyooka. Tangu utotoni hakupenda kitu kilichopinda."

"Nampigia simu hapokei."

"Simu yake ninayo mimi." Mama mkwe alipapasa mkoba wake. "Nataka kupiga picha. Tatizo inaniitia watu kila wakati, ikiita nakata."

Mumewe alikuwa karibu na mlango wa chumba cha pampu, amevaa shati lililopigwa pasi na mama yake, kola imesimama kama mbao. Nanga alimvuta pembeni.

"Kisanduku cha eneo, kwenye kiungo cha mpira. Ni kitupu."

Alimtazama kama mtu aliyeambiwa njiani kwamba amevaa shati nje ndani. "Umefungua faili langu?"

"Meneja alitaka picha ya kutundika."

"Picha."

"Isiyo na nyekundu."

Mdomo wa mumewe ulitikisika, ukakaribia kucheka, ukaacha. "Nilikijaza. Niliandika ugumu, niliandika urefu, nikaandika..." Nanga aliyaona macho yake yakirudi nyuma, kwenye siku fulani, meza fulani, labda mtu aliyeingia na swali wakati kidole kiko juu ya kitufe. "Lakini fundi alikifanya kiegemeo kinene kuliko mchoro," alisema. "Huenda kikatosha."

"Huenda."

"Usiiseme kwa sauti hiyo."

"Nina sauti hii moja tu."

"Mama yuko pale, Nanga. Amekuja na majirani."

"Nimewaona. Nimeona na walipokaa."

Mumewe aligeuka akatazama viti, kisha kiwiko, kisha viti tena. Akaanza kutembea kuelekea kwa meneja, naye Nanga akamfuata.

Meneja aliwasikiliza huku akitabasamu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa mbali hatua chache tu na tabasamu lilipaswa kubaki mahali pake. "Mnaniambia leo," alisema bila kufungua meno. "Hotuba iko mkononi mwake."

Aliyewaokoa kwanza alikuwa fundi mkuu. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye bomba lile alilichomelea kwa mikono yake na kulipaka rangi mara mbili bila kuombwa. "Mimi sipandishi presha yote kwa mkupuo hata siku moja," alisema. "Tunaanza chini kabisa. Tunaangalia. Dada, kwa presha ndogo, hesabu yako inasema nini?"

"Kiwiko kitasogea," Nanga alisema. "Kiasi cha unene wa kidole kidogo."

"Basi nitapiga mstari wa chaki, nusu kwenye mguu wa kiegemeo, nusu kwenye zege. Kikisogea tutaona. Kisiposogea, dada, utaninunulia soda."

"Viti kwanza vihame."

"Viti haviwezi kuhama," meneja alisema. "Watu wameshakaa."

Nanga alimwendea mama mkwe na kumwambia kwamba upande wa pili kuna upepo mzuri. Mama mkwe akajibu kwamba upepo anao nyumbani, hapa amekuja mapema ili akae hapa. Alimwambia jua litamfikia. Mama mkwe akaonyesha mwavuli. Hapo ndipo mumewe alipokuja, akainama karibu na sikio la mama yake.

"Mama, hapa picha haitoki. Bomba linakuwa mbele yako. Nenda pale kwenye ngazi za ofisi, nikupige wewe mbele na bomba nyuma."

Mama mkwe alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Majirani nao wakasimama, na waliokaa nyuma, walipoona mstari wa mbele unahama kwenda kupigwa picha, hawakutaka kuachwa. Muda si mrefu hata mgeni rasmi alikuwa kwenye ngazi na hotuba yake, akiombwa asogee kidogo kushoto.

Fundi alianza kupampu kwa pampu ndogo ya mkono. Mpini ulipanda na kushuka, sindano ya geji ya presha ikajikokota kutoka sifuri, ikapita alama ya kwanza, ikatulia. Nanga alikuwa amepiga magoti kando ya kiegemeo, mbali na uso wa kiwiko, akiutazama mstari wa chaki. Alisubiri. Fundi aliongeza kidogo. Nanga alisubiri tena.

Mstari ulikaa palepale, mzima kama ulivyopigwa.

"Soda yangu iwe baridi," fundi alisema, ingawa hakuonekana kufurahi sana.

Meneja alishusha pumzi ndefu. "Unaona? Buluu. Tuendelee, fundi, pandisha."

Nanga alirudia hesabu kichwani. Presha, mara eneo. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Msukumo upo, lazima uwepo. Kama kiwiko hakiupokei, nani anaupokea? Alitaka kulisema hilo, lakini kinywani lilikuwa swali tu, na kwenye ngazi kulikuwa na mama mkwe, ameweka pozi, anamtazama mwanawe kwa macho ya mtu anayeangalia harusi.

Mumewe angeweza kunyamaza. Mstari wa chaki ulikuwa umemtetea mbele ya watu, na hakuna ambaye angemdai zaidi. Nanga alimwona akiutazama mstari, mikono mfukoni. Kisha akamwomba fundi tochi, akaingia kwenye chumba cha pampu.

Alipotoka, kola ilikuwa imelala na vumbi jeupe limemkaa begani.

"Fundi, usipandishe. Nani alijaza tundu la ukuta?"

Watu walitazamana. Mwashi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akila karanga, aliinua mkono. "Mimi. Mijusi ilikuwa inaingia."

"Mchoro unasema bomba lipite bila kugusa ukuta."

"Mchoro haujawahi kulala na mijusi," mwashi alisema, si kwa ubishi.

"Nanga, njoo."

Ndani kulikuwa na harufu ya rangi na mpira mpya. Mumewe alimulika pale bomba lilipoingia ukutani. Mwashi alikuwa amelizungushia saruji kwa uhodari, laini kama sahani. Na kuizunguka sahani ile sasa kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao juu ulijitenga na duara na kupanda kuelekea dirishani. Mumewe alimshika mkono, akakiweka kidole chake kwenye ufa. Punje za saruji zilimdondokea kwenye kucha.

"Ukuta ndio unaoshika," Nanga alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa sasa."

Sindano ya geji ilikuwa haijafika hata robo ya njia. Mumewe akaita kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza chai. "Fundi, toa presha. Yote."

Maji yalichuruzika sakafuni. Wakiwa bado wanatazama, ufa ulijifunga kidogo, nao wakaachia pumzi kwa pamoja bila kupanga.

*

Aliyewaeleza wageni alikuwa mumewe. Meneja alitaka kusema kwamba kuna marekebisho madogo ya kiufundi, lakini mumewe alishafika mbele. Alisema hesabu ilikuwa yake na ilikuwa na pengo, kwamba pengo hilo limeonekana leo asubuhi, na kwamba aliyeliona ni yule dada mwenye chaki magotini. Maji yatapanda, alisema, ila si leo.

Watu hawakujua kama ni mahali pa kupiga makofi. Sauti ya mama mkwe ikasikika kutoka kwenye ngazi, akimwelezea jirani yake, lakini kwa kiasi ambacho hata mgeni rasmi alisikia.

"Huyu ndivyo alivyo. Alipokuwa mdogo akifunga kiatu cha kulia, cha kushoto anasahau, anakwenda hivyohivyo mpaka shuleni."

Kicheko kilichozuka kilimaliza shughuli vizuri kuliko hotuba. Mgeni rasmi alikunja karatasi yake kwa furaha ya wazi ya mtu aliyesamehewa kusoma, na soda zikagawiwa. Fundi alimletea Nanga ya kwake mwenyewe. Aliifungua, akampa.

Lakini nyumbani jioni ile mama mkwe hakucheka. Alikaa jikoni akichambua mchele, akitupa vijiwe kimoja kimoja kwenye kifuniko cha sufuria, na kila kijiwe kilisikika. Nanga alikuwa kwenye sinki, mumewe mlangoni na taulo.

"Mimi sijui mambo ya presha," mama mkwe alisema mwishowe, akiutazama mchele. "Ninajua nilikwenda na majirani kumwona mwanangu akisifiwa, nikarudi nao wakiwa na cha kuzungumza. Hilo neno halikuweza kusubiri nyumbani?"

Nanga alizima bomba la sinki. Alikuwa na majibu kadhaa, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na umbo la kumfaa mama mkwe.

"Mama," mumewe alisema, "ulikuwa umekaa mstari wa mbele."

Mikono ya mama mkwe iliendelea kuchambua, kisha ikapungua mwendo. Alimtazama mwanawe. Akamtazama mkwewe, mikono yake yenye povu, goti lake ambalo bado lilikuwa na chaki. Akaokota kijiwe kingine, akakigeuza kati ya vidole, akakitupa.

"Mwanangu," alimwambia Nanga, "wali huu unaupenda na chumvi nyingi au kidogo?"

"Kidogo, mama."

"Miaka yote hii natia nyingi, na wewe unakula tu."

"Ni mtamu hivyohivyo."

"Kumbe kuna mambo unayanyamazia," mama mkwe alisema, na bega lake likatikisika kwa kicheko alichokuwa anakibana.

*

Fundi mkuu alitengeneza fito nne za chuma, nene kama mpini wa jembe, zenye nyuzi za kukazia nati ncha zote mbili. Alizipitisha kutoka flanji, ile pete ya chuma ya ncha moja, hadi flanji ya ncha ya pili, zikikizunguka kiungo cha mpira kama vidole, akakaza nati kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, akisikiliza. Mumewe alikuwa ameomba ruhusa kutoka kwenye mitaro yake ili aje kushika spana. Mwashi alibomoa sahani yake ya saruji, akaacha nafasi, akaijaza sponji, na kusema mijusi ijitegemee.

Kwenye kompyuta Nanga alizichora fito zile moja moja. Sasa mshale uliokuwa unakimbilia nje ulifika kwenye fito, ukavutwa, ukarudi ulikotoka, na kiwiko kikabaki na kazi yake ya kubeba uzito. Fito zenyewe ziliwaka rangi ya chungwa: zimebeba, lakini hazijaelemewa.

"Chungwa," meneja alisema, akiwaza. "Chungwa ni rangi ya furaha." Akaipeleka picha ikachapwe.

Jaribio la pili halikuwa na hema. Sindano ilipanda hadi mwisho wa safari yake na kukaa pale asubuhi nzima, na mstari wa chaki haukukatika. Fundi alilala chali chini ya kiwiko na tochi, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mtu akamuuliza kama amelala. Alasiri pampu iliwashwa.

Mama mkwe ndiye aliyetaka wapande kilimani. Alilalamikia magoti njia nzima, akakataa kushikwa mkono na mwanawe, akaushika wa mkwewe. Juu, kwenye njiapanda ya mtaa, palikuwa na bomba la watu wote lililojengewa kizingiti kipya, na mtu alikuwa ameshalifungua. Watu walilizunguka na ndoo zao, wakiongea kwa sauti ya chini kama walioko kwenye chumba cha mtoto mchanga.

Koki ilikohoa. Ikatema vumbi, kisha kipande cha utando wa buibui kilichoning'inia mdomoni mwake kikipepea. Kuku mmoja alirudi nyuma, akageuza kichwa, akasubiri. Hewa iliyosukumwa na maji yaliyokuwa njiani ilitoka, ikanyamaza, ikatoka tena ndefu zaidi, baridi, yenye harufu ya chuma kipya. Mama mkwe alisogeza kiganja chake mbele ya koki na kukiacha hapo, wazi, mkono wa nguo yake ukipeperuka, na hakuna aliyeinua ndoo.